Mbwa Kali: Historia ya Kwa Nini Tunakimbizwa Riruta

Mwishoni mwa karne ya 19 kulikuwa na fundi wa bunduki aliyeitwa Charles-François Galand, kazi zake zikiwa Liège na Paris. Huyu jamaa alitengeneza bastola ndogo ya kutosha mfukoni, na hakuwatengenezea askari. Aliwatengenezea watu wa baiskeli. Adui aliyelengwa alikuwa mbwa. Hata jina lilisema hivyo: Velo-Dog, nusu baiskeli ya Kifaransa, nusu mbwa wa Kiingereza. Kwa wale waliokuwa na huruma kidogo, kulikuwa na risasi za pilipili, ndio mbwa apige chafya aende zake badala ya kufa.

Naanza na hiyo stori juu nataka tuelewane mapema. Kama umewahi kuingia Riruta na baiskeli ukitoka Dagoretti Corner, saa kumi na mbili asubuhi, halafu ukasikia kucha zikikwaruza lami nyuma yako, ile baridi iliyokushika mgongoni ina zaidi ya miaka 100. Watu wa Paris waliihisi wakanunua bastola. Sisi hatuna bastola na sitaki tuwe nazo. Lakini tuna historia, na kwangu mimi historia imesaidia kuliko mawe.

Ukisema "nilikimbizwa na mbwa" watu hucheka. Ni kichekesho hadi siku utaanguka. Mimi nilianguka, na nitafika hapo. Kwanza hoja yangu: mbwa anayekukimbiza Riruta si mkosi, na si tabia ya mbwa peke yake. Ni kitu kilichojengwa polepole na mji, na sheria, na mageti yetu. Kitu kilichojengwa kinaweza kubomolewa.

Mwaka mmoja, vitu vitatu

Shika mwaka 1885. Mwaka huo, kule Coventry, Uingereza, John Kemp Starley alitoa baiskeli aliyoiita Rover. Magurudumu mawili karibu yanalingana, nyororo inavuta gurudumu la nyuma. Ukiangalia baiskeli yoyote Kawangware leo, hata ile Black Mamba nzito ya kubeba mkaa, unaangalia mjukuu wa ile Rover.

Mwaka huohuo, tarehe 6 Julai, Paris, Louis Pasteur alimdunga mtoto wa miaka 9 aliyeitwa Joseph Meister. Mtoto alikuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa, na wakati huo hiyo ilikuwa hukumu ya kifo. Meister akaishi. Chanjo ya kichaa cha mbwa ikaanza safari yake duniani.

Na mwezi Februari wa 1885, Mkutano wa Berlin ulimalizika. Huo mnaujua kutoka darasani: mataifa ya Ulaya yalikaa mezani kupanga jinsi ya kugawana Afrika, na hapakuwa na Mwafrika aliyekaa nao.

Baiskeli, chanjo, ukoloni. Vyote vitatu vilifika upande wetu, lakini havikufika kwa mwendo mmoja. Ukoloni ulifika haraka. Mwaka 1890 Kapteni Lugard alikuwa tayari Dagoretti akijenga ngome ya kampuni ya Waingereza, baada ya kufanya mapatano na Waiyaki wa Hinga. Miaka miwili baadaye Waiyaki alikamatwa, akafia Kibwezi akipelekwa pwani. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Baiskeli nayo ilifika ikapendwa. Chanjo ya mbwa, kwa mbwa wa mtaani kwako na kwangu, bado iko njiani.

Ugonjwa haukungoja. Kisa cha kwanza cha kichaa cha mbwa kuthibitishwa Kenya kilikuwa cha mwaka 1912, mbwa mmoja viungani mwa Nairobi. Mji ulikuwa na miaka 13 tu. Sheria iliyofuata bado iko vitabuni, Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, na jibu lake kubwa kwa mbwa anayezurura ni kumkamata na kumuua. Kwa miaka mingi hivyo ndivyo mji ulivyozungumza na mbwa wa mitaa: kwa risasi na sumu. Wale wengine walio nyuma ya mageti wakaachwa. Hao walikuwa na kazi.

Kibao kinachoongea Kisetla

Sasa tuongee kuhusu kile kibao. Kila mtu Nairobi anakijua: kichwa cha mbwa, meno nje, na maneno mawili, MBWA KALI.

Mwalimu wako wa Kiswahili angekukata maksi hapo. Ni mbwa mkali. Mbwa yuko ngeli ya A-WA, sifa inachukua m-. Basi mbona kibao kinakosea na hakuna mtu anakirekebisha? Mimi naona hivi: kibao kinanukia Kisetla. Kisetla ndicho kile Kiswahili walichokitumia masetla kuwaamuru wapishi, wapagazi na watunza bustani, kikiwa kimepunguzwa viambishi vyote hadi kibaki cha kutoa amri tu. Lete maji. Funga mlango. Mbwa kali.

Kutahadharisha watu kuhusu mbwa si kitu kipya. Pompeii, mji uliofukiwa na volkano mwaka 79, una picha ya vijiwe sakafuni mwa nyumba moja, mbwa mweusi na onyo la Kilatini kwa anayeingia. Lakini Nairobi iliongeza kitu chake. Mji ulipangwa kwa rangi. Wazungu walikaa magharibi na kaskazini, kwenye viwanja vikubwa vyenye miti. Waafrika waliwekwa mashariki, na wengine, kama watu wa Riruta na Dagoretti nzima, walikuwa ng'ambo ya mpaka wa mji, ndani ya eneo la hifadhi la Wakikuyu, Kiambu.

Kwa hivyo fikiria asubuhi ya mtu wa Riruta miaka ya 1930. Anaenda kufanya kazi nyumba ya mzungu upande wa Kilimani au Karen. Kuanzia mwaka 1920 mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande, kile cheti cha kuvaliwa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Anapita mageti mengi kabla ya kufika lake, na nyuma ya mengine kuna mbwa walioletwa na meli. Wale mbwa walifundishwa kumjua nani? Si bwana wa jirani anayepita na gari. Walifundishwa kumjua anayepita kwa miguu. Anayepita kwa baiskeli. Sisi.

Halafu ikaja Hali ya Hatari, Oktoba 1952. Polisi na jeshi walitumia mbwa wa kunusa kufuata nyayo za Mau Mau. Tarehe 24 Aprili 1954 ilianza Operesheni Anvil, Nairobi ikazingirwa, maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakakamatwa. Baadaye mwaka huo watu wa Kiambu na sehemu nyingine za Kati wakalazimishwa kuhamia vijiji vilivyozungushiwa ulinzi, na kafyu juu. Kwa kizazi cha babu na nyanya zetu, mbwa wa serikali hakuwa kipenzi cha mtu. Alikuwa mkono wa anayekutafuta. Sishangai kwamba hadi leo watoto wengi hapa hufundishwa mambo mawili tu kuhusu mbwa: mwogope au mpige.

Mageti yakawa yetu

Uhuru ukaja. Mwaka 1963 mpaka wa mji ukasogezwa na Dagoretti ikaingizwa Nairobi. Lakini Riruta haikuingia kama mtaa uliopangwa na baraza la mji. Iliingia kama mashamba ya familia. Baba akagawia wanawe, wanawe wakajenga ploti za mabati, ploti zikawa gorofa, na kila kipande kikawekewa ukuta na geti. Na kibao. Tulirithi hata kosa la ngeli.

Mbwa wa Riruta anafanya kazi ya zamu. Mchana amefungwa kwa mnyororo mfupi au amefungiwa kibanda. Usiku anafunguliwa. Na kwa sababu geti la ploti ya wapangaji 20 halifungwi kamwe vizuri, analinda ploti, halafu analinda njia, halafu analinda hadi kwa kioski. Alfajiri mwenye mbwa bado amelala. Anayepita saa hiyo ni nani? Mfanyakazi wa mjengo. Mama wa mboga anayewahi soko. Mwanafunzi. Mtu wa baiskeli ambaye anataka kufika tao kabla Ngong Road ijae mathree.

Kuna wale wengine, mbwa koko, wa majalala na wa vichinjio kule Dagoretti, wanaokula matumbo na mifupa inayotupwa. Watu huwaogopa sana hao. Lakini angalia vizuri. Mbwa wa jalala mara nyingi anakuangalia tu, anarudi kwa kazi yake. Anayekufuata mita 50 akibweka ni yule mwenye jina na bakuli, anayejua hapa ni kwake. Utafiti uliofanywa Machakos miaka ya 1990 ulionyesha kitu kama hicho: mbwa walioonekana wakizurura wengi wana wenyewe, ni vile tu hawafungwi. Hilo linabadilisha mjadala wote. Tatizo letu kubwa si mbwa asiye na mtu. Ni mtu asiyemjali mbwa wake.

Na kitu kingine kilibadilika barabarani. Boda boda ilianza kama baiskeli, mpakani Busia, kuvusha watu na mizigo. Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250, na nduthi zikajaa kila kona. Nduthi ikikimbizwa na mbwa inapiga gia, imeenda. Mbwa anabaki na ushindi wake. Tumebaki wachache kwenye baiskeli, na sisi ndio hatuwezi kupiga gia tukatoweka.

Asubuhi yangu

Yangu ilitokea kwenye kinjia kinachotoka Naivasha Road, saa kumi na mbili na robo. Taa mbele, taa nyuma, helmeti kichwani, mwendo wa kawaida. Geti lilikuwa wazi kiasi cha mtu mmoja kupita. Alitoka bila kubweka, na huyo ndiye mbaya kabisa, asiyetoa ilani. Aliingia gurudumu la mbele. Nilipita juu ya usukani.

Mtulinga ulivunjika. Nikiwa chini akaniuma shavu la mguu mara moja, akarudi ndani kama mtu aliyemaliza zamu. Soja wa jirani ndiye aliyenisaidia. Akaosha kidonda kwa sabuni na maji ya mtungi, muda mrefu, huku mimi nikilia kwa ajili ya bega. Baadaye daktari aliniambia huyo soja alifanya jambo la maana kuliko yote: dakika 15 za sabuni na maji yanayotiririka, halafu hospitali siku hiyohiyo. Kituo cha kwanza hakikuwa na chanjo. Cha pili kilikuwa nayo, nikalipia. Ratiba yangu ilikuwa sindano tano ndani ya mwezi mmoja, na kila moja nilienda nikihesabu pesa na siku.

Hii si mchezo, wasee. Shirika la Afya Duniani linakadiria kichaa cha mbwa kinaua watu karibu 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, wengi Afrika na Asia, na watoto ni sehemu kubwa. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Na chanjo iko tangu 1885.

Mfupa ulipona kwa wiki kadhaa. Kilichokataa kupona ni kingine. Nilipanda baiskeli tena na mwili ukakataa. Mbwa akibweka hata ndani ya nyumba, hata kwa simu ya mtu ndani ya mathree, vidole vyangu vinafunga kama vinashika breki. Nilianza kupitia njia ndefu. Halafu nikaanza kupanda mathree. Halafu baiskeli ikawa ya kuanikia nguo.

Waliorudi na wasiorudi

Ni wakati huo, mkono ukiwa kwa kitambaa, nilianza kusoma. Nilitaka kujua watu wengine walifanya nini.

Nilikutana na Joaquim Agostinho, Mreno. Alipigana vita vya wakoloni Msumbiji, upande wa Ureno, na inasimuliwa kwamba ni huko, akipeleka ujumbe kwa baiskeli nzito, ndiko wakubwa wake waliona jamaa ana miguu ya ajabu. Alimaliza wa tatu Tour de France mara mbili, 1978 na 1979. Mwaka 1984, akiongoza mashindano ya Algarve kwao Ureno, mbwa alivuka barabara. Akaanguka na kichwa. Akainuka, akasaidiwa hadi mstari wa mwisho. Fuvu lilikuwa limepasuka. Alikufa siku kumi baadaye. Hakuwa na helmeti. Wakati huo haikuwa lazima. Ililazimishwa kwa mbio za kulipwa mwaka 2003 tu, baada ya kifo cha Andrei Kivilev.

Nilikutana pia na Sandy Casar, Mfaransa. Tour de France ya 2007, hatua ya 18, mbwa akaingia njiani na Casar akaanguka, paja likachubuka vibaya. Akainuka. Siku hiyohiyo, kule Angoulême, akashinda hiyo hatua.

Hizo stori mbili ukiziweka pamoja zinakufundisha kitu ambacho picha za motisha hazisemi. Wote wawili waliinuka mara moja. Mmoja alishinda, mmoja akafa. Kuinuka haraka si ujasiri wala ujinga. Ni bahati tu, kama hujui kichwa chako kiko aje. Ndio maana ukianguka kwa kichwa, kaa chini, mtu akuangalie, uende hospitali. Mbio haziko siku hiyo.

Na karibu na nyumbani. Panda barabara kutoka Riruta, pita Uthiru, unafika Kikuyu. Hapo ndipo David Kinjah alikuwa akifundisha vijana baiskeli, na mmoja wao alikuwa kijana aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, Chris Froome. Kijana akaenda akashinda Tour de France mara nne. Tarehe 12 Juni 2019, akikagua njia ya mashindano Ufaransa, aligonga ukuta kwa kasi. Paja, kiwiko, mbavu, vyote vikavunjika. Februari 2020 alikuwa tena kwenye mbio. Lakini hakushinda tena Tour. Alirudi kwa baiskeli. Hakurudi kuwa yule wa kwanza. Na Agosti 2022 tulimpoteza Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani, alipoanguka akishindana Vermont, Marekani. Kwa hivyo mtu akikuambia hofu ya kuanguka ni uoga, mwambie anyamaze. Hofu inajua kitu cha kweli. Swali ni utaipa kazi gani.

Kurudi barabarani

Aliyenipa jibu ni mzee fundi wa baiskeli, Kawangware, mtu wa siku za Black Mamba. Nilimpelekea gurudumu anyooshe. Akaniuliza nini kiliikunja. Nikamwambia.

"Pole, msichana wangu," akasema. "Lakini mbwa inakimbiza kitu inakimbia. Wewe ukitoroka, yeye anajua amekufukuza. Kesho anakungoja."

"Sasa nifanye aje, mzee?"

"Simama. Shuka. Aone wewe ni mtu."

Hapo ndipo mambo yalifunguka. Fikiria kama mbwa. Kila asubuhi kitu kirefu chenye miguu inayozunguka kinapita kwake. Anabweka, anakimbia, na kila mara kile kitu kinatoweka. Kwa akili yake ameshinda mara 300 kwa mwaka. Huyo si mbwa mbaya. Ni mbwa mwenye rekodi nzuri kazini.

Kwa hivyo sasa nafanya hivi. Nikikaribia geti ninalolijua napunguza mwendo kabla yake, si baada. Akitoka, naacha kukanyaga pedali. Akizidi, nasimama, nashuka, naweka baiskeli katikati yetu. Simwangalii machoni, simpi mgongo, na sirushi teke, maana teke ukiwa juu ya baiskeli ndilo linalokuangusha. Naongea kwa sauti nzito: "Rudi nyumbani!" Mbwa wengi wa mitaa wanaijua hiyo sentensi. Kisha natembea polepole hadi nitoke eneo lake. Chupa ya maji usoni inasaidia. Na kama wote wamekataa kusikia, inama tu kama unaokota jiwe. Huhitaji kuokota. Mbwa wa Nairobi wanaielewa hiyo lugha kutoka utotoni, na inanihuzunisha kidogo kwamba inafanya kazi vizuri hivyo.

Lakini mbinu haziponyi hofu peke yake. Nilichofanya ni kurudi kidogo kidogo. Wiki ya kwanza nilitembea tu, baiskeli mkononi, mchana, kupita lile geti. Wiki ya pili rafiki yangu aliendesha mbele, mimi nyuma. Halafu nikagonga geti.

Alifungua mama mwenye ploti. Nikamwamkia, nikamwambia ni mimi nilianguka hapo nje.

"Woi, pole sana mami," akasema. "Lakini Simba haiumagi."

Nikamwonyesha mguu. Akanyamaza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwambia. Mbwa wake hakuwa amechanjwa hata mara moja. Tuliongea muda mrefu pale getini, na Simba akalala kwenye vumbi akitusikiliza kama mpangaji mwingine yeyote. Mwezi huo akachanjwa, na geti likawekwa komeo la chini. Siku niliyopita pale peke yangu, alfajiri, nikiendesha, alibweka akiwa ndani. Vidole vilifunga. Halafu vikafunguka. Bado vinafunga wakati mwingine. Naendesha tu navyo.

Si kazi ya mtu mmoja

Sasa maoni yangu, mnikubalie au mnikatae.

Risasi na sumu zimejaribiwa. Bali, Indonesia, kichaa cha mbwa kilipoingia mwaka 2008, walianza kwa kuua mbwa kwa wingi na ugonjwa ukaendelea kusambaa. Ulirudi chini walipochanja kisiwa kizima. Na huku kwetu Pwani ya Waswahili kuna Pemba. Walichanja mbwa hadi ugonjwa ukapotea. Ukaletwa tena mwaka 2016, wakachanja tena, na kufikia 2018 ukaisha tena. Kisiwa, ndiyo, ni rahisi kuliko Nairobi. Lakini hesabu ni ileile: chanja mbwa 7 kati ya 10 kila mwaka, na kichaa kinakosa pa kupita. Kenya ina mpango wa taifa ulioanza 2014, wa kumaliza vifo vya kichaa cha mbwa kufikia 2030. Nairobi ina sheria yake ya mbwa ya 2015, inayotaka mbwa wawe na leseni na wasiachwe kuzurura. Karatasi tunazo. Kinachokosekana ni komeo la geti na mtu wa kugonga hilo geti.

Kwa hivyo kama kwenu kuna mbwa, wewe kijana wa hiyo nyumba, hii ni kazi yako, si ya mzee. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mara nyingi huwa na chanjo za bure au za bei nafuu. Ulizia ofisi ya mifugo ya wadi au KSPCA, ambao wako kwa hii kazi ya kutunza wanyama tangu 1910. Mpeleke. Mfungue mchana pia, ndani ya ukuta, mbwa aliyefungwa siku nzima hutoka na hasira ya siku nzima. Na kabla ya saa kumi na moja alfajiri, awe ndani.

Kama unaendesha baiskeli, vaa helmeti, na usimwonee haya mtu kushuka na kutembea mita 20. Kama mmoja wenu ameanguka, msimcheke na msimharakishe. Endesheni mbele yake wiki moja, tena polepole.

Hizi barabara babu zetu walizipita na kipande shingoni, wakibwekewa. Sisi tunazipita bila kipande. Geti likifungwa vizuri, mtoto wa darasa la nne anayepita hapo na baiskeli ya kaka yake atakuwa na shida moja tu, ya kufikisha miguu kwa pedali.